Basi la mchana Dar mpaka Mbeya: basi nyota tatu, barabara nyota nne na nusu

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini. Unaenda Mbeya na hela ya ndege ipo, panda ndege ushuke Songwe, saa moja na ushee umemaliza. Hela haipo, au ipo ila umebebeshwa mizigo na shangazi, panda basi, lakini panda la MCHANA. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kucha na watu wengi wamehamia huko, wanasema unalala Dar unaamka Mbeya, sawa, ila kwangu kupita njia hii gizani ni kulipa nauli nzima ukala nusu.

Kampuni niliyopanda silitaji jina. Mabaya yake mengi ni ya karibu mabasi yote ya njia hii, sasa kumbebesha mzigo mmoja peke yake si haki. Ni basi la daraja la kati, siti mbili mbili, kiyoyozi, choo hamna, nauli hamsini na kitu elfu.

Halafu kingine kabla sijasahau. Wengi wanaolalamika kuhusu safari ya Mbeya wanalalamikia basi, kumbe nusu ya wanayolalamikia ni barabara, na barabara yenyewe haikujengwa kwa ajili yako wewe abiria. TANZAM, yaani hii barabara kuu ya Dar mpaka Zambia, ilijengwa kupitisha shaba na mafuta ya Zambia. Mzigo ndio mwenye nyumba, sisi ni wapangaji. Ukishalielewa hilo utaacha kumgombeza konda kwa nini tunatembea themanini nyuma ya semi kumi na mbili zilizofuatana, na utapanga safari yako kama mtu mwenye akili.

Tiketi nilikata kwa simu, unachagua siti mwenyewe, unalipa kwa mtandao wa simu, meseji inakuja. Hapo nyota tano. Tatizo ni stendi. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ni kubwa na nzuri, ilizinduliwa Februari 2021, siku moja na ile barabara ya juu ya Ubungo ya Kijazi, na kwa sisi tulioijua Ubungo ya zamani na vurugu zake na wale jamaa wa kukunyang'anya begi ili upande basi lao, hii ni hatua. Wapiga debe bado wapo ila wamepoa. Shida ni kufika. Kama unakaa Mbagala au Kigamboni na umeambiwa uripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake unaamka saa nane na bodaboda anakuchaji kadiri anavyokuona. Ushauri wangu lala kwa ndugu Kimara au Mbezi, kila mtu Dar ana ndugu Kimara.

Kuripoti saa kumi na moja na nusu, basi linatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hapo nakata nusu nyota. Nusu nyingine nakata kwa sababu siti niliyochagua nilikuta amekaa mama na watoto wawili, konda ananiambia "bro kaa hapo nyuma tutaweka sawa mbele ya safari", na mpaka Mbeya hakuna kilichowekwa sawa. Mama sina ugomvi naye, alinigawia karanga.

Kimara mpaka Kibaha siku hizi ni raha. Njia nane, taa, lami mkeka. Wanaopita sasa hivi hawakumbuki 2017 pale, bomoabomoa ile, nyumba na maduka na makanisa kuanzia Kimara hadi Kiluvya yamepigwa iksi nyekundu, hifadhi ya barabara mita 121 kila upande, watu wanatoa mabati wenyewe kabla greda halijafika. Kila nikipita pale kwa spidi ile najisikia raha na sijisikii raha, kwa wakati mmoja. Kuna watu wameilipia barabara hii bei ambayo haiandikwi kwenye tiketi.

Ukishavuka Kibaha raha imeisha. Njia inarudi kuwa moja ya kwenda moja ya kurudi na hapo ndipo unaanza kukutana na wenye nyumba. Semi za mafuta, semi za makontena, semi zilizobeba mifuko ya salfa na mbolea, zinazorudi zina zile bamba nene za shaba zimefungwa minyororo na turubai halijafunika vizuri, namba za Zambia, namba za Kongo, na katikati yake magari madogo mapya ya IT yanayokwenda nje ya nchi, kioo cha mbele kimeandikwa kwa chaki, dereva wake anaendesha kama gari si lake, ambayo kweli si lake. Mizani ya Vigwaza foleni ya malori inakula upande mmoja wa barabara. Basi nalo linapita mizani. Tulikaa pale kidogo, mzee wa siti ya jirani akaanza kulaani serikali, nikamwambia mzee wangu, hii mizani ndiyo inaifanya lami iwepo, hizi semi zikiachiwa zijaze zinavyotaka hapa tutapita na mitumbwi. Hakunijibu ila alinipa gazeti lake.

Sasa ngoja niseme habari ya hii njia maana naona vijana wengi wanadhani ilikuwepo tu toka enzi.

Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakajitangazia uhuru wao wa kizungu. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, na haina bahari. Shaba yake karibu yote ilikuwa inashuka kwa reli kupita Rhodesia kwenda Beira, na mafuta yalikuwa yanapanda kwa njia hiyo hiyo. Mwezi uliofuata mafuta yakakatwa. Waingereza wakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwa ndege kutoka hapa hapa Dar, Wakanada na Wamarekani wakibeba kutokea Kongo, ndege inabeba mapipa na yenyewe inakunywa mafuta, hesabu ambayo hata mama ntilie angeikataa. Ndiyo malori yakaingizwa. Mapipa yanapakiwa bandarini Dar, yanapanda Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, mpaka ukanda wa shaba, na shaba inashuka kwa njia hiyo hiyo. Na njia yenyewe sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Masika tope, kiangazi vumbi mpaka dereva haoni boneti, milima haina kingo. Madereva wa wakati ule waliibatiza njia ya jehanamu, na jina lilikuwa halali yake kwa mabaki ya malori yaliyokuwa yamelala mabondeni.

Baada ya hapo mambo yakaenda matatu kwa pamoja. Bomba la mafuta la TAZAMA likamalizwa 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, Waitaliano ndio walilichimbia. Barabara ikawekwa lami kwa vipande, Wamarekani wakatia hela, Benki ya Dunia ikatia hela, mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikawa imefika. Na reli ya TAZARA, ambayo wakubwa wa Magharibi walishasema hailipi, Wachina wakaichukua, wakaanza 1970, wakaikabidhi 1976, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Yaani wakati wa vita baridi, Mmarekani anatandika lami hapa na Mchina anatandika reli kule, na Mwalimu na Kaunda wamekaa katikati wanawapokea wote. Mimi huwa nawaza siasa za namna ile leo nani angeziweza.

Turudi kwenye basi. Chalinze hamna cha kusema, mnagawana, wa Tanga na Moshi wanakata kulia, nyie mnanyoosha. Morogoro mji kasoro bahari tuliingia saa tatu na nusu, Uluguru imevaa wingu, Msamvu dakika kumi. Pale Msamvu mimi sipendi kukaa kimya bila kukumbuka Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka watu wakaenda kuchota na likalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Tangu siku ile nikiona lori la mafuta limelala pembeni naomba dereva apite, hata kama abiria wanataka kupiga picha.

Jambo moja la Morogoro ambalo wenye mabasi hawapendi kulisikia: tangu treni ya umeme ianze Juni 2024 Dar mpaka Moro, na Dodoma mwezi uliofuata, abiria wa njia hizo wamehama kwa fujo. Ila SGR inaelekea Dodoma, haiendi Iringa wala Mbeya. Na treni ya TAZARA, naipenda, inakatiza mbuga, lakini ratiba yake unatakiwa uwe mstaafu. Kwa hiyo watu wa Nyanda za Juu Kusini tumebaki na basi, na wenye mabasi wanajua kwamba tumebaki nao, ndiyo maana huduma haipandi. Hii ni sababu mojawapo ya nyota tatu.

Mikumi. Barabara inapita katikati ya hifadhi kilomita kama hamsini, hifadhi ilitangazwa 1964, kwa hiyo wanyama wana hati ya zamani kuliko lami. Dereva anapunguza kwa lazima, rasta zinakutikisa mpaka meno, na kuna ubao mkubwa wenye orodha ya faini kwa dola, kila mnyama na bei yake, twiga bei yake, tembo usiulize. Tuliona pundamilia, swala hawahesabiki, na twiga wawili wamesimama karibu kabisa na lami wanatafuna wanatuangalia kama tumechelewa. Basi zima limeinuka upande mmoja na simu. Watalii wanalipa kwa dola kuona hivi hivi, wewe uko ndani ya nauli ya basi iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Nyani ndio kero, wamezoea kutupiwa ndizi madirishani na wanakaa barabarani wakisubiri, tafadhali msitupe, wanakufa.

Kile kidude cha kufuatilia mwendo kilikuwa kinalia pii pii kila dereva akigusa themanini. Kuna kaka nyuma akasema kikatwe waya. Kikatwe waya? Umri wangu umenifikisha miaka ile ya kabla ya ving'amuzi hivi, basi za Mbeya zinashindana, abiria wanampigia dereva makofi akiovateki kwenye kona, na kesho yake tunasoma majina gazetini. Acha kilie.

Chakula sasa, hapa naomba nikae kidogo. Basi lilisimama saa saba kwenye hoteli moja ya njiani jirani na Ruaha Mbuyuni, konda anatangaza "dakika ishirini", na wote tunajua ni kumi na tano. Hoteli za hivi zimefunga ndoa na mabasi, dereva na konda wanakula bure chumba cha ndani na wewe ndiyo unayelipia sahani yao. Wali kuku elfu nane. Kuku mwenyewe paja moja limekaangwa toka asubuhi likarudishwa kwenye mafuta basi lilipopiga honi, gumu mpaka unalivuta kwa meno ya pembeni, wali mkavu, mchuzi wanakunyunyizia kama manukato. Chipsi zilikuwa nzuri, niseme ukweli, viazi vya Njombe hata mpishi mbaya hawezi kuviharibu. Foleni ya choo ndefu kuliko ya chakula na unalipia mia tatu. Mimi nilinunua mahindi ya kuchoma nje kwa dada mmoja, yenye ndimu na pilipili, nikala nimesimama, na hicho ndicho chakula bora cha siku nzima. Ukiweza beba chapati zako na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, hakuna atakayekucheka.

Kuchimba dawa walisimamisha porini mara moja tu, wanaume kulia wanawake kushoto, kina mama wanajizungushia kanga. Mwaka huu wa Bwana bado tunachimba dawa kwenye barabara kuu ya kimataifa. Wenye mabasi na mamlaka wanajua, vyoo vya njiani vichache mno, na kwa mama mjamzito au mzee mwenye sukari hii si kichekesho hata kidogo. Nimekata nyota nzima hapo.

Ruaha Mbuyuni kwenyewe ni joto, mibuyu minene pande zote, mto Ruaha Mkuu uko pale chini, na vitunguu. Vitunguu vimetundikwa kwenye nyavu nyekundu, vimemwagwa kwenye vichanja, vijana wanakimbia na sado dirishani kabla basi halijasimama. Bei unaanza na nusu ya anayotaja. Angalia chini ya sado, juu wanapanga vikubwa.

Baada ya hapo ndiyo Kitonga. Kwa hii peke yake ningelipa nauli.

Barabara inabana kwenye bonde, Udzungwa inakusogelea kushoto, halafu inaanza kupanda na haiachi. Dereva anashusha gia, injini inabadilika sauti, kiyoyozi kinazimwa ili basi lipate nguvu, madirisha yanafunguliwa na harufu ya breki za malori yanayoshuka inaingia ndani, harufu ya mpira na chuma cha moto. Kona inakuja, mbele yako semi imebeba kontena inapanda mwendo wa mtu anayetembea, utingo ameshuka kabisa anatembea pembeni na jiwe kubwa mkononi, tayari kulichomeka chini ya tairi gari likigoma. Hilo jiwe nililiangalia kwa muda mrefu. Mali ya mamilioni ya dola inapanda mlima na kinachoizuia isirudi nyuma ni kijana mwenye kandambili na jiwe. Ukiangalia chini unaiona njia uliyotoka imejikunja, malori yamekuwa madogo, na kwenye korongo kuna vyuma vya zamani vimeota majani. Kuovateki hapo ni marufuku na dereva wetu hakujaribu, namsifu, nyota yake naiongeza mwenyewe. Ila jueni kwamba semi moja ikiharibika vibaya kwenye kona za Kitonga, nchi tatu zinasimama. Watu wamelala pale. Beba maji na power benki, usiseme hukuambiwa.

Ukifika juu hewa ni nyingine. Unafunga dirisha mwenyewe bila kuambiwa. Ilula nyanya kwenye matenga, barabara nzima nyekundu msimu ukiwa umekolea. Na kabla ya kuingia Iringa kuna Lugalo, ambapo Agosti 17, 1891 Mkwawa na Wahehe wake walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Zelewski na kukimaliza, Zelewski mwenyewe akafia pale. Mnara upo jirani na barabara. Basi linapita kwa sekunde chache, hakuna anayetangaza kitu, televisheni ya basi inaonyesha komedi. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kampuni ningemwambia konda aseme sentensi mbili tu hapo, hazina gharama.

Iringa mji wenyewe basi haliupandi, unashuka Ipogolo chini na mji unauona juu kilimani. Hapa kuna jambo linanifurahisha. Zamani ya mkoloni barabara kuu ya Kaskazini, ile ndoto yao ya kutoka Cape mpaka Cairo, ilikuwa inatoka Tunduma, Mbeya, Iringa halafu inakata kwenda Dodoma na Arusha mpaka Nairobi. Yaani njia ya heshima ilikuwa ya kwenda Nairobi. Kilichoivuta Mbeya ikaelekea Dar namna hii ni lile tukio la Rhodesia, shaba na mapipa yale. Hata mafundi wa Mbeya wanaokuja Kariakoo kununua spea leo wanapita njia iliyofunguka kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja, yule Smith, kule Salisbury, makao makuu ya Rhodesia.

Ipogolo madereva walibadilishana, wa kwanza akaenda kulala nyuma. Vizuri sana.

Iringa mpaka Makambako ni lami ya kulala. Mafinga misitu ya misonobari ya Sao Hill, magari ya mbao, baridi. Mwezi wa sita na wa saba hapo beba koti kweli kweli, watu wa Dar mnajifanya mnajua baridi ya kiyoyozi. Makambako ndipo reli ya TAZARA inapokuja kukutana na barabara, na ndipo wa Njombe na Songea wanakata kushoto. Tulifika jua linaelekea kuzama. Chai ya maziwa stendi pale mia tano, moto, kikombe cha bati, na ndicho kitu cha pili kwa ubora siku ile baada ya mahindi.

Kutoka Igawa kuelekea Uyole mambo yanaharibika tena. Unashuka pembeni mwa Usangu, mashamba ya mpunga ya Mbarali kulia, milima kushoto, kungekuwa na mwanga ungeona uzuri, lakini giza limeingia na barabara imechoka, lami imefanya mifereji kwa uzito wa malori mpaka basi linayumba likitaka kutoka kwenye mfereji mmoja kuingia mwingine. Taa za semi zinakuja usoni bila kushushwa. Hiki kipande cha Igawa, Mbeya mpaka Tunduma ndicho wamekipangia upanuzi, wameanzia Uyole hadi Ifisi njia nne, kilomita 29, na kwa hiyo Mbeya mjini ni michepuko na vumbi. Zikiisha itakuwa nafuu kubwa hasa kwa mlima Iwambi ambao umekula watu wengi. Zisipoisha mapema, ongeza lisaa kwenye hesabu zako.

Tulishuka Nanenane saa mbili na nusu usiku. Kilomita mia nane na thelathini hivi, saa kumi na nne. Piga hesabu utaona ni mwendo wa wastani wa kilomita sitini kwa saa na hiyo ndiyo kasi halali ya njia hii ukitoa mizani, rasta, trafiki wenye tochi, Kitonga na kuku mgumu. Kampuni ikikuahidi saa kumi, jiulize wanazikata wapi.

Begi langu lilitoka buti likiwa na harufu ya samaki wa mtu. Konda akasema pole. Basi.

Wanaoendelea Tunduma ni kama saa mbili na nusu hadi tatu nyingine, mnapita Mbalizi, Mlowo, Vwawa, na ukiwa na gari lako binafsi chepuka ukaone kimondo cha Mbozi, dude la chuma lililoanguka kutoka angani. Tunduma penyewe tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe 2019 kazi imerahisika, lakini foleni ya malori bado ipo siku zake, na ukitaka kuamini habari yangu ya mzigo ndio mwenye nyumba basi nenda kasimame pale asubuhi uhesabu malori na uhesabu mabasi.

Vitu vya kushika kama umeamua kwenda: siti ya kushoto. Asubuhi unapata Uluguru, mchana Udzungwa, na jua la mchana linapiga wa kulia wakati wewe uko kivulini. Usikate siti za juu ya tairi la nyuma kwa sababu ya ile mifereji. Usikubali lifti ya IT hata kama ni nusu bei na gari linanukia upya, hamna bima yako humo, hamna tiketi, na dereva wake amekimbia kutoka bandarini bila kulala. Begi lenye thamani libaki miguuni. Na ukikuta mtu kwenye siti uliyolipia msimamishe palepale Mbezi kabla basi halijatoka, Kibaha ukishavuka hamna atakayekusikiliza.

Kurudi nimeshakata tiketi ya kampuni nyingine, ya mchana pia, saa kumi na mbili kutoka Nanenane. Nimeuliza choo kama kipo, wamesema kipo ila kimefungwa.